Kitunga cha Mangaribi

Muntu akipita njia ya Nyabiondo leo na kuinua macho, nyumba ya kwanza anaona kule juu iko yangu. Inaangaza. Mabati mbele, mabati nyuma, hakuna nyasi hata kidogo. Siku niliyoyaweka, mulima wetu wote ulikuwa unalala chini ya majani, na mvua ya Masisi haichezi na majani. Ninaanza na hiyo ili usifikiri anayekuandikia ni muntu wa hivi hivi. Sikusoma sana. Katekista alinifundisha miaka miwili, kisha nikaona kalamu haijazi tumbo, nikashika jembe. Bila baba, bila mama, bila barua ya muntu mukubwa, jembe lile njo lilinifikisha hapa.

Sasa kuna habari moja watu wanahadisia kwa namna yao, habari ya muke wa kaka yangu. Wengine wanasema aliuawa na njaa. Wengine wanasema ni pori la Walikale. Wengine, nikiisha kupita, wanasema ni mimi. Nitaandika mwenyewe, sababu nilikuwa pale na wao hawakuwa.

Kaka yangu mukubwa alikufa kwenye kazi ya barabara. Udongo ulimushukia yeye na wenzake wawili, tukazika viatu vyao tu. Muke wake alibaki na mimi, ningali mudogo, yatima, na tumbo lisilokuwa na mwisho. Hakuzaa. Watu walimwambia arudi kwao, akakataa. Mimi nilimuita Mama. Yeye aliniita bwana mudogo, kwa utani, kama wanawake wa kwetu wanavyoita mudogo wa mume wao. Hata nilipokuwa na ndevu, aliniita bwana mudogo mbele za watu, na watu walicheka, na sikukasirika.

Alinilea kwa maharagi ya watu. Nieleze ginsi gani, maana bila hiyo habari yote haieleweki.

Kwetu wanawake njo wanang'oa maharagi. Yakikauka shambani una siku chache tu. Mvua ikiwahi kurudi, mbegu inaota ndani ya ganda lake, na hapo huwezi kuuza wala kuweka. Kwa hiyo mwenye shamba anaita wanawake wa mulima. Wanang'oa asubui, wanapiga kwa fimbo mchana, na mangaribi maharagi yanalala fungu moja juu ya mukeka. Hapo kazi inalipwa. Kila mwanamuke anakuja na kitunga chake, anachota mwenyewe, kwa mukono wake. Mwenye shamba anakaa chini na kuligeuzia lile fungu mugongo. Hatazami. Muntu anayetazama chakula kikiingia kitunga cha mwenzake, kwetu anaitwa mbwa wa mafiga. Anakaa, anasikia maharagi yanaanguka, na mwanamuke akiona ni haki yake anasema, "Imetosha." Anafuata mwingine. Wa mwisho akisema imetosha, njo mwenye shamba anageuka.

Usidhani walikuwa wanaiba. Mwanamuke mwenye mukono mubaya wenzake walimujua, na mwaka uliofuata hakuna aliyemuita. Kwa vile vitunga nilikula, nilikomaa, nilipata hii mikono unayoiona.

Nilipopata nguvu nilibeba mizigo ya watu, kisha nikaenda kwa muzungu wa pareto upande wa Kibabi. Nilianza kuchuma maua, na baada ya miaka miwili nilikuwa kapita, musimamizi wa wachumaji. Wengine walikaa kuchuma maua mpaka wakazeeka. Kule niliona akili ya Wazungu: kila muntu franka zake, na posho kwa kopo, kopo moja ya unga, kopo moja ya maharagi, sawa kwa wote. Hakuna muntu kugeuka mugongo. Nikasema, hii njo kazi. Nikaacha ukapita, nikarudi kwetu, nikafyeka mteremuko ambao wazee walikuwa wanauogopa, nikapanda maharagi mpaka jicho linachoka.

Hiyo ilikuwa wakati Wazungu wanapigana kwao, mbali. Hatukuona vita, lakini iliwabeba wanaume wetu. Huyu kwenye mupira kule porini, huyu kwenye mashimo ya mawe, huyu kwenye barabara, huyu kwenye pareto. Kila mwenye miguu miwili alikuwa na kazi ya muntu mwingine. Na wale wote waliokuwa wanachimba Walikale walikuwa wanakula, lakini hawalimi. Kamio, gari la mizigo, lilianza kufika Nyabiondo na karani wa kununua chakula. Kwenye mulima wetu mimi ndiye wa kwanza aliyemusogelea. Aliniambia, "Kila guni utakaloleta nitalichukua." Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiyaona mabati yangu tayari.

Mavuno ya kiangazi yalipofika niliita wanawake ishirini na zaidi, mama yangu mbele yao. Waling'oa vizuri, walipiga vizuri. Mangaribi walikuja na vitunga vyao. Mimi sikukaa chini. Nilisimama mbele ya fungu na mufuko wa franka.

Nikasema, "Kuanzia leo hakuna kitunga. Ninalipa pesa, kama Wazungu, na ninalipa kupita Wazungu."

Ilikuwa kweli. Muzungu wa pareto alikuwa anatoa nusu yake. Niliwapa moja moja kwenye mukono. Mama aliweka yake kwenye meno, akaiuma.

"Bwana mudogo," akasema, "hii inaiva kwa kuni ngapi?"

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka.

"Mama, enda nayo soko. Utanunua maharagi na utabakiza ya chumvi."

"Na soko litayatoa wapi, kama wewe umeyafunga kwa guni?"

"Soko halilishwi na muntu mumoja."

"Sikia huyu," akawaambia wenzake. "Jana nilikuwa ninamupangusa makamasi, leo anajua soko."

Mwezi ule walifurahi, nisikufiche. Walinunua chumvi, mumoja alinunua kitambaa, mwingine alilipa kodi ya mume wake aliyekuwa mashimoni. Walipita mbele ya nyumba yangu wakinisalimia Papa, na mimi kijana bado. Nilikuwa ninalipa mushahara wa haki. Nilisema hivyo kanisani, nilisema hivyo kwenye pombe ya kasiksi, na hakuna aliyenibishia.

Lakini wenye mashamba wengine waliona, wakafanya kama mimi. Maharagi yote ya upande wetu yalipanda kamio, yakateremuka Walikale. Kopo ya maharagi uliyoinunua kiangazi kwa kazi ya siku moja, mvua ya kwanza ilipoanguka ilitaka kazi ya siku tatu. Kisha hata kwa siku tatu haikuonekana. Wanawake walikuwa wanaenda soko na franka zangu, wanarudi nazo.

Mvua ya kupanda ilikuwa imeanza Mama alipokuja nyumbani kwangu na kitunga kitupu. Alikaa kwenye kizingiti. Muke wangu alimuletea kiazi, akakiweka chini bila kukila.

"Nimekuja kwa mbegu," akasema. "Kitunga kimoja. Nitakurudishia viwili."

Hapo mimi, mwenye akili nyingi, nilishangaa. "Mbegu yako iko wapi, Mama?"

Alinitazama sana. "Unaniuliza wewe?"

Kitunga cha mangaribi hakikuwa cha kula tu. Mwanamuke alikuwa anakimwaga kwake, anachagua ndani yake nyekundu, nyeupe, nyeusi, ya manjano, ya madoa, kila rangi kidogo, sababu rangi moja ikiuawa na baridi nyingine inabaki. Alifunga kwa majani makavu ya mugomba na kutundika juu ya moto, kwenye moshi, wadudu wasiguse. Ile njo mbegu ya mulima wote. Na mimi nililala chini ya mafungo yale miaka yote ya utoto wangu, nikiyahesabu mpaka usingizi unanikamata. Muzungu wa pareto angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua, nikasahau, maana nilikuwa ninawaza mabati.

Mbegu ilikuwepo kwangu, guni tatu. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kupanua shamba mara mbili.

"Mama," nikamwambia, "ile mbegu iko na shamba lake tayari. Lakini kuja ulime kwangu. Wewe nitakulipa kupita wengine wote."

"Franka zako nilikula zote, bwana mudogo. Hata moja haikubaki ya kupanda."

Muke wangu alicheka kidogo, akageukia kazi yake aliponiona.

"Shamba la maharagi mengi ni la sisi wote," nikasema. "Ngojea mavuno."

Alisimama, akachukua kitunga chake. "Asante, Bwana," akasema, na hakuweka neno mudogo nyuma yake. Aliniita kama wanavyomuita muzungu. Nilimusindikiza kwa macho mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Ningeweza kumuita. Sikumuita.

Juma lile lile wanawake tisa wa mulima wetu waliteremuka Walikale, yeye mbele yao. Kule porini watu walikuwa wamepoteza mikono yao ya kazi kwa mupira na mashimo kama sisi, na ngazi, ile mikungu ya mawese, zilikuwa zinaiva juu ya miti bila mukataji. Mwanamuke akibeba ngazi kutwa, mangaribi anapewa ndizi na muhogo mukononi. Wengine wa mulima walikwenda kwa pareto, kwa ajili ya posho. Waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa, na wenye mimba.

Nilipanda na muke wangu na mama mukwe, na watu wawili watatu wa njiani. Maharagi yaliota vizuri namna ambayo sijaona tena. Niliuza mbele kwa karani, guni kwa guni, yakiwa bado maua. Kisha mwanzo wa mwaka lile jua fupi likakuja, majani yakaanguka, maganda yakakauka yakawa yanalia ukipita. Nikaita wanawake. Hakuna aliyekuja.

Niliongeza pesa. Nikaongeza tena. Nikaenda mpaka Kibabi, nikarudi peke yangu. Nikaenda Lushebere, nikamukuta muzee mumoja anaanika muhogo mbele ya nyumba, wajukuu wake wote wako kwenye pareto.

"Muzee, nitafutie mikono. Ninalipa kupita Wazungu."

"Nimesikia habari zako, Papa. Pesa yako nzuri sana." Aligeuza kipande cha muhogo. "Hata mimi niko nayo moja, mutoto wangu aliniachia. Ninaitazama nikiwa na njaa."

"Unanicheka?"

"Hapana. Ninaanika muhogo."

Nilipanda kilima nikaona mawingu upande wa pori. Nilimwambia muke wangu, ng'oa na mama yako kile munachoweza, muweke ndani ya kibanda. Nikateremuka Walikale kwa miguu, siku mbili na nusu, nikilala kwa watu. Ukishuka kule joto linakushika kama mukono wa mulevi, na jua hulioni tena, miti tu.

Nilimukuta kwa mulimaji mumoja wa pori, muntu wa kuwinda pia, musalaba shingoni na pembe ya nyama imefungwa kwa majani juu ya mulango wake. Mama alikuwa kwenye chungu cha ngazi, anakoroga. Amekonda, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inaangaza kama imepakwa mafuta. Alikuwa anakohoa. Aliponiona hakuacha kukoroga.

Mwenye nyumba alinipa kiti. "Wewe njo yule tajiri wa juu?"

"Ni mimi."

"Kumbe. Wanawake wako walituambia unalipa kwa vyuma. Huko kwenu munavipika na majani gani?"

Wale wanawake wengine walikuwa wanamenya ndizi. Walicheka mpaka mumoja akaangusha kisu. Sikucheka. Sikutembea siku mbili na nusu ili muwinda nyani anicheke. Lakini nilikuwa ninahitaji mikono, nikameza.

"Mama," nikasema, "maharagi yamekauka. Mvua iko njiani. Kujeni wote. Nitatoa pesa mara tatu."

"Utageuka mugongo?"

"Nitatoa na kopo mbili za maharagi kila siku, juu ya pesa."

"Sikukuuliza kopo."

Ningejibu ndiyo. Ni neno fupi. Lakini guni zote nilikuwa nimemuahidi karani, na mabati nilikuwa nimeisha kuyagusa kwa mukono wangu dukani. Vitunga tisa, mangaribi baada ya mangaribi, nilikuwa ninaona kila kimoja kinaondoa bati juu ya nyumba yangu. Nikasema, "Tutaongea tukifika."

"Tutaongea," akarudia mumoja wa wale wanawake, muke wa jirani yangu. "Kaka, mimi mutoto wangu wa mwisho amezikwa nyuma ya nyumba hii. Uongee na yeye."

Mwenye nyumba aliangalia chini. Mimi nilisimama kwenda.

Mama njo alitoka kwenye moto. Alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitunga chake. Wenzake walimukataza, wakamuonyesha miguu yake. Alinipita, akashika njia. Nilimufuata.

Tulipofika kwenye muto wa kwanza nilimuuliza, "Kwa nini umekuja?"

"Nilikulea kwa maharagi ya watu," akasema. "Siwezi kuyaacha yaoze sababu wewe iko mujinga."

Ile njia nilishuka siku mbili na nusu ilitupandisha siku tano. Mimi ndiye nilibeba kitunga. Mwanaume kubeba kitunga cha mwanamuke kwetu ni haya, na tulikutana na watu wanaonijua, nikakibeba hivyo hivyo. Alipumuzika kila kilima. Siku ya tatu mvua ilitukuta, si mvua ya kucheza. Tulikaa chini ya mti, na ndani ya kichwa changu nilikuwa ninasikia maganda yananywa maji, moja moja. Yeye alikuwa anatetemeka. Nilimupa koti langu la ukapita. "Sasa umekuwa bwana mudogo tena," akasema. Hiyo tu.

Tulifika mchana. Shamba lilikuwa limeota lote. Ukifungua ganda unakuta mbegu imetoa mukia mweupe. Muke wangu na mama yake walikuwa wameokoa fungu moja, la kujaza pengine guni mbili, wakalipiga, likawa juu ya mukeka ndani ya kibanda, kavu. Hizo tu, kutoka shamba la kulisha mulima.

Nilimwambia Mama aingie ndani, aote moto. Aliingia shambani. Aling'oa mustari mumoja mpaka mwisho, polepole, akitafuta chini ya majani maganda ambayo maji hayakufika. Nilisimama kwenye mupaka nikimutazama. Muke wangu alienda kupika.

Jua lilipoinama alikuja kwenye kibanda na kitunga chake, akakaa karibu na fungu.

"Bwana mudogo," akasema. "Kaa chini."

Nilikaa chini. Nililigeuzia lile fungu mugongo wangu. Mbele yangu kulikuwa na mulima, ukungu unaupanda, moshi wa muke wangu unatoka kwenye majani. Nikasikia maharagi yanaanguka ndani ya kitunga. Kidogo, kisha anachagua, kisha kidogo tena. Nilijua anachagua rangi. Nilikuwa ninawaza, achukue yote, achukue hata guni mbili zote, karani atatukana, basi atukane. Nilifurahi kwa kuwaza hivyo. Nilijiona muntu mwema sana.

Maharagi yakaacha kuanguka. Nikangoja neno.

Muntu hageuki kabla ya lile neno. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ninalipa namna ile, na nilitaka kuifanya sawa, pasipo kosa, ili asiwe na kitu cha kunicheka. Nilingoja mpaka ukungu ukafika kwenye migomba. Muke wangu alitoka na sahani, akatazama nyuma yangu, sahani ikaanguka.

Mama alikuwa ameegemea fungu, mukono mumoja ndani ya kitunga. Kilikuwa nusu.

Wale wanawake walirudi kutoka Walikale kwa matanga. Siku ya mwisho walikimwaga kile kitunga juu ya mukeka, wakakigawanya kwa mikono, rangi kwa rangi, kila mumoja fungo lake la majani. Hawakuniita, hawakuniuliza. Maharagi unayokula leo kutoka Nyabiondo mpaka kilima chetu, mengi ni yale.

Karani hakurudi kwangu mwaka ule. Mabati nilipata baada ya miaka mitatu, kwa jasho, na mabati ya muntu mwingine sijayaona mpaka leo hapa juu. Muzungu wa pareto analia hana mikono, wenye mashamba wa Lushebere wanalia hawana mikono. Mimi silii. Ninalipa franka na kitunga juu yake, wanawake wanatoka mbali kunitafuta, wengine wanalala njiani ili wawahi. Hakuna anayelipa kama mimi.

Na mangaribi ninakaa chini, ninageuka mugongo. Wanawake wangu wamezoea. Kila mumoja analisema neno lake kwa sauti ya nguvu, hata yule wa kitunga kidogo, hata mwenye haya. Nikikosa kusikia mumoja ninauliza bila kugeuka, "Nani bado?" Wanajibu, "Hakuna, Papa. Sisi wote tayari." Ninakaa kidogo tena.